Mwaka Nilipomuua Mama Mkubwa kwenye Fomu

Tulipomzika Mama Mkubwa mwezi uliopita, hapa hapa kambini Dzaleka, bibi mmoja aliyekaa nyuma yangu kwenye mkeka alimwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti: "Uyu tulishaka kumulilia zamani. Leo ni mara ya pili." Wanawake waliomsikia wakaziba midomo kwa vitenge wakicheka, kisha wakaendelea kulia. Mimi nilicheka nao huku machozi yakinitiririka, na watoto wangu wakanitazama kama mtu aliyepotewa na akili. Jioni waliniuliza yule bibi alikuwa na maana gani. Niliwajibu kwa kifupi, wakacheka mno, nikaona wamechukua kichekesho na kuacha jambo lenyewe. Basi naandika. Kosa lilikuwa langu, na nisipolisema mwenyewe litasemwa na watu wasiokuwepo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikiwa kidato cha nne katika shule moja ya Area 25, Lilongwe. Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, ndiye aliyebaki kunilea. Ya Fizi, kwetu Kongo, na jinsi tulivyotoka huko nayaacha, kwa sababu kila mtu hapa anayo ya kwake. Tulikuwa na chumba kimoja chenye mlango wa barabarani. Mbele kulikuwa na vyerehani viwili vya miguu, meza ya kukatia, pasi ya mkaa na vitambaa vimerundikwa hadi dirishani. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda chetu, sufuria zetu na vitabu vyangu. Asubuhi nilikunywa chai na mandasi nikiwa nimesimama, maana kukaa ni kukalia nguo ya mtu. Jumapili tulitwanga sombe, majani ya mihogo, na mama mwenye nyumba, Mmalawi mnene mwenye roho nzuri, alikuja na sahani yake akilalamika kwamba tunasahau kutia unga wa karanga. Alilalamika miaka minane, na kila Jumapili alimaliza sahani.

Chumba cha mshonaji ni mahali ambapo watu husema bila kujichunga. Mteja akiwa amenyoosha mikono anapimwa kifua, hana la kufanya isipokuwa kuzungumza. Ndivyo nilivyoisikia amri kabla ya kuisikia redioni: wakimbizi wote wanaoishi mijini na vijijini warudi kambini, siku imeshapangwa, na atakayebaki ataondolewa. Mteja mmoja alisema ni haki, kwa sababu kaka yake alifunga duka lake la mtaani baada ya wageni kufungua matatu pembeni. Mwingine alimkatiza: "Na sare za kwaya yetu atashona nani? Kaka yako?" Wakacheka, lakini si kama siku zote. Mama Mkubwa alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa, ndipo akasema: "Nyumba ni yao, bapange vile banapenda. Ila mi si kiti." Mteja aliyesema ni haki akainamisha macho. Alichukua gauni lake wiki hiyo na akashukuru, zikomo mara tatu, na hatukumwona tena.

Nimefundisha hesabu katika kambi hii kwa miaka mingi sasa, na wanafunzi wangu hupenda kuniuliza kama wakubwa wa nchi ni watu wabaya. Siwajibu ndiyo wala hapana. Nchi ilikuwa na njaa yake, watu wake walikuwa wanalia bei, na mkubwa anayeliliwa lazima aonekane anafanya jambo. Kutuhamisha sisi lilikuwa jambo linaloonekana. Kwetu Kongo pia nilizaliwa chini ya wakubwa waliokuwa wakiamka na sentensi moja, nani ni raia na nani si raia, na jioni majirani wakawa hawasalimiani. Ninachowaambia wanafunzi ni kwamba sentensi ya mkubwa haiishii pale ilipowekwa muhuri. Inaingia chumbani, inakaa mezani, inabadilisha mnavyojibu mlango ukigongwa. Sisi ilitufundisha kusema uongo, na mimi niliujifunza haraka kuliko wengi.

Malori yalikuja Jumanne asubuhi, nikiwa napinda mguu wa suruali. Mama Mkubwa alikuwa ameenda Likuni, nje kidogo ya mji, kupeleka kanzu za kwaya ya akina mama. Polisi aliyesimama mlangoni hakunipiga wala hakunitukana; aliniambia nichukue begi moja. Nikachukua vitabu, sare ya shule na karatasi yenye namba yangu ya mtihani. Mama mwenye nyumba alifunga mlango wetu kwa kufuli lake mwenyewe, akilia. Mama Mkubwa alipopata habari hakurudi. Mwenyekiti wa kwaya, ambaye nyumba yake iko karibu na hospitali ya misheni, alimpa chumba cha nyuma, naye akakaa humo akishona na dirisha limefungwa. Kwa simu aliniambia neno moja tu: "Soma." Alikuwa ameapa kwamba Dzaleka hataingia tena. Aliwahi kukaa humo miaka mitatu, na alisema miaka ile hakushona hata kitu kimoja cha kumpendeza.

Kambini nilipokelewa na Mama Nabintu, jirani yetu wa zamani, katika nyumba yake ya matofali mabichi. Tulikuwa sita katika chumba kilichogawanywa kwa shuka. Tulikula nsima na maharage, na yeye aliiita bugali kwa ukaidi, akisema ya mihogo ndiyo yenye adabu. Nilisoma nje, nimekalia tofali, vidole vimeziba masikio. Mtihani wangu wa kumaliza ulikuwa umebaki majuma matatu, na namba ya mtahiniwa haihamishwi; niliandikishwa Area 25, basi nikae Area 25 siku hiyo au nikose. Kukosa mwaka ule kulikuwa kukosa kabisa, kwa sababu shule ile haingenipokea tena na nafasi ya kambini ilikuwa haipo. Nilijua hivyo, Mama Mkubwa alijua, na kila nilipofungua kitabu nilikiona chumba chetu chenye kufuli la mtu mwingine.

Kutoka kambini kulihitaji kibali. Fomu ilikuwa na mstari wa sababu, na karani aliyekuwa akiipokea, kijana Mmalawi mwenye tai, alikubali sababu mbili: hospitali, au maliro, yaani msiba. Nilisimama kwenye foleni siku mbili. Siku ya kwanza niliandika "mtihani", akanirudishia fomu akisema pepani, samahani, hilo hana maelekezo nalo. Siku ya pili mwanaume aliyekuwa nyuma yangu aliniinamia. "We mutoto, uko naandika nini? Andika kufa. Mi nimeshaua bashangazi bane mwaka uyu." Wote waliomsikia wakacheka, na mimi nikacheka. Ukweli ni kwamba foleni nzima ilikuwa ya wauaji. Kila mtu alikuwa na shangazi, mjomba au binamu aliyekufa Lilongwe, ili yeye akauze nyanya, akadai mzigo wake, akamwone mumewe.

Nilimwandika Mama Mkubwa. Nilijiona mjanja kweli kweli. Nilifikiri, nikisema amekufa, hata anayemtafuta ataacha kumtafuta. Na kwa kuwa fomu iliuliza msiba uko wapi, niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: Likuni, kwa mwenyekiti wa kwaya, karibu na hospitali ya misheni. Papa Elisha, kiongozi wa mtaa wetu, alitakiwa kutia sahihi. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa Uvira, mpole. Aliisoma fomu, akavua miwani, akanishika kichwa. "Pole, mwanangu. Pole sana." Nilimtazama machoni nikaipokea pole yake. Alitia sahihi mkono ukimtetemeka. Nilipata kibali cha kuanzia Jumapili hadi Jumatano, nikaondoka kabla ya ibada, na njia nzima nilikariri vitenzi vya Kiingereza nikiwa na furaha.

Kuna kitu nilikisahau, nami nimezaliwa ndani yake. Kwetu msiba hauwekwi mfukoni. Mtu akijua kwamba kuna aliyekufa akanyamaza, watu wataanza kujiuliza anaficha nini, na jina lake halitasafishika tena. Papa Elisha alisimama kanisani Jumapili ile akatangaza. Kabla ya sadaka kumalizika, wanawake walikuwa wameshaanza kutoka.

Nilirudi Jumatano mchana, nimelala kwa mama mwenye nyumba, nimefanya karatasi mbili za Kiingereza na moja ya historia, moyo mweupe. Kutoka mbali niliona moshi mbele ya nyumba ya Mama Nabintu. Kisha nikaona mikeka. Wanawake hamsini, labda zaidi, wamejifunga vitenge kiunoni, wamekaa chini. Kuni zimepangwa ukutani, kila mmoja alikuja na gogo lake, na unga umeletwa katika mabakuli ya kila rangi. Mama Nabintu alikuwa amelala sakafuni siku tatu bila mkeka, jiko la ndani limezimwa, sauti imekauka. Aliponiona aliinuka akanikumbatia, akaanza upya kwa jina langu: "Sifa wangu, tumebaki yatima!" Na wote wakapasuka kulia. Walimlilia kwa mambo ya kweli. Mmoja alilia gauni la harusi alilomshonea bure. Mwingine alilia jinsi Mama Mkubwa alivyomtembelea mtoto wake hospitali. Nilisimama katikati yao, begi begani, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani mwangu. Na badala ya kusema, nililia. Nililia kwa sauti, kama mfiwa halisi.

Waliniketisha mahali pa mfiwa, wakanipa maharage na sombe ya majani waliyoyatafuta kwa shida. Nilikula. Ndipo Mama Nabintu akanieleza kwamba wanaume wawili wamepata kibali asubuhi ile, wameenda Likuni kuufuata mwili. "Papa Elisha alisoma adresi ku papier yako," alisema. Nililiweka tonge chini. Nilikuwa na mchana mzima wa kusema ukweli, na sikusema. Kila niliyetaka kumwambia alinipangusa machozi kwanza. Nimejisamehe mengi ya ujana, mchana ule bado.

Alhamisi asubuhi kabaza tatu zilikata kona kutoka barabarani, baiskeli za abiria zikiyumba kwenye mawe. Kwenye mbili waliketi wale wanaume, nyuso zimewashuka. Kwenye ya tatu aliketi Mama Mkubwa, kiatu kimoja mkononi, begi la nyuzi mapajani. Wanawake wa mbele wakapiga yowe. Wawili wakakimbia. Alishuka, akavaa kiatu, akatembea mpaka katikati ya mikeka na kusimama.

"Amani kwenu," alisema. "Mi njo ule mufu."

Mama Nabintu alitambaa, akamshika kifundo cha mguu, akakibonyeza.

"Iko moto," akawaambia wengine. "Ni mutu."

"Mama Mukubwa," nilisema, na kabla sijaishiwa nguvu nikayasema yote, mbele ya kila mtu, nikiwa nimepiga magoti: fomu, foleni, adresi, mtihani. Papa Elisha alikuwa ameegemea ukuta. Alivua miwani kama siku ile, lakini hakunishika kichwa.

"Ulinitazama macho kwa macho," alisema. "Na mi nikasimama mbele ya Mungu nikatangaza. Sifa, sitatia tena sahihi kwa jina lako. Hapana."

Mama Mkubwa hakunigombeza. Aliomba chakula. Alisema wale wanaume walimwambia angeweza kupiga simu tu aseme yuko hai, ikatosha. Lakini mtu aliyeliliwa akiwa mzima lazima aje, wamwone, ale na waliomlilia kwenye sahani moja, ndipo mikeka iinuliwe. Hivyo ndivyo bibi zetu walivyofanya. "Bantu balilala chini juu yangu siku tatu," alisema. "Naweza kubatumia sauti?" Akala, mkono wake na mikono yao katika sinia moja. Nilikuwa najua, na yeye alikuwa anajua, kwamba mlinzi wa geti alishaandika jina lake alipoingia. Aliyetoka mjini chini ya amri ile hakuruhusiwa kurudi kuishi huko. Chumba cha Likuni, dirisha lake lililofungwa, kanzu alizoacha nusu, vyote vilikuwa vimekwisha pale alipokanyaga ndani.

Alipomaliza kunawa aliuliza mtihani wa hesabu ni lini.

"Kesho. Saa nane mchana."

"Kibali?"

Nilitikisa kichwa. Alimtazama Papa Elisha, na Papa Elisha akatazama chini. Basi akasimama, akakunja mkeka mmoja akauweka kichwani. "Bamama, musiinue kilio bado. Tuhamishe."

Sijui nani alielewa kwanza. Ninachokumbuka ni mikeka ikikunjwa, na msafara wa wanawake ukipita sokoni kimya kimya, na wauzaji wa Kirwanda wakisimama kwa heshima wakidhani maiti iko mbele. Tulitandika mbele ya ofisi ya vibali, tukakaa. Hatukupiga kelele, hatukubeba bango. Tulikaa jinsi watu wanavyokaa kwenye msiba, miguu imenyooshwa, mikono kichwani. Na Mmalawi, hilo nawasifu mpaka leo, hapiti msiba kavu kavu. Karani alitoka, akashusha sauti yake mwenyewe.

"Pepani, pepani sana. Nani amekufa?" Kiswahili chetu alishakizoea.

"Mimi," Mama Mkubwa alisema.

Karani alimtazama, akanitazama mimi, akakumbuka fomu. Uso wake ulibadilika. "Ulidanganya karatasi ya serikali."

"Nilidanganya," nilisema. Nilisimama. "Siku ya kwanza nilikuletea ukweli, ukanirudishia. Uongo ukaupokea. Niandikie adhabu, nitaifanya. Lakini leo nimekuja tena na ule ukweli." Nikamnyooshea karatasi ya namba ya mtihani.

"Sina sababu hiyo kwenye maelekezo."

"Basi tutakaa," alisema Mama Mkubwa. "Sisi tuko ku kilio. Nyinyi munajua kilio hakifukuzwi."

Aliingia ndani, tukamsikia akipiga simu, sauti ikipanda na kushuka. Jua lilitupata, mwanamke mmoja akanifunika kwa kitenge chake. Watu wa foleni walianza kukaa nasi, mmoja mmoja, hata yule aliyeua mashangazi wanne. Papa Elisha alikuja saa tisa. Alipita katikati ya mikeka bila kunitazama, akaingia ofisini na kalamu yake mwenyewe. Waliporudi pamoja, karani alikuwa na fomu mkononi. Kwenye mstari wa sababu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MTIHANI. Chini yake kulikuwa na sahihi ya Papa Elisha, safari hii imenyooka. Kibali kilikuwa cha siku zote za mtihani zilizobaki.

"Na huyu, arudi Likuni?" niliuliza, nikimwonyesha Mama Mkubwa.

Karani alitikisa kichwa taratibu, na niliona kwamba inamuuma. "Huyu ameingia leo. Aliyeingia hatoki kurudi kukaa mjini. Hiyo iko juu yangu."

"Usimuombe kitu ya juu yake," Mama Mkubwa alinikatiza. "Chukua yako, tuende."

Ijumaa alinisindikiza getini. Sare yangu ilikuwa imefumuka kwenye ukosi. Aliishona nikiwa nimeivaa, tukitembea, tukisimama, tukitembea, akaukata uzi kwa meno shingoni pangu. Mlinzi alisoma kibali mara mbili, akainua mti wa geti kwa kimo cha mtu mmoja.

Nilimwambia nitarudi jioni. Nilimwambia anisamehe. Alinisukuma mgongoni kwa kiganja, kwa nguvu, kama mtu anayesukuma mlango uliogoma.

"Enda. Na usitazame huku nyuma, utasahau formila."

Nilivuka. Nyuma yangu nilisikia mti ukishushwa, na sikusikia hatua zake zikiondoka. Nikaanza kuzisema formila za hesabu kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka barabarani.